Niliichagua Mimi, Wakaijenga Wao

Baba yangu alijenga boti za mbao Kamanga, ng'ambo ya maji ukitokea Mwanza mjini, mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka. Mdogo wangu wa kiume alishika randa kabla hajaanza shule. Mimi, mtoto wa kwanza, nilifagia maranda na kuwapelekea uji. Siku niliyoomba nipewe msasa na mimi nisugue, Baba aliniambia boti haiguswi na mwanamke. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha.

Nikasoma, nikaajiriwa kwenye duka la dawa Nyamagana, nikajenga nyumba yangu Igoma. Mwaka jana niliona kwenye simu video ya mama mmoja mtu mzima, sijui wa nchi gani, akiunganisha boti ndogo ya mbao inayoendeshwa kwa rimoti. Vipande vinakuja kwenye boksi pamoja na mchoro, gundi unatafuta mwenyewe, na mota na betri unafunga mwishoni. Niliirudia ile video mpaka binti yangu akawa ananicheka.

Nilichukua muda mrefu kuchagua. Zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya plaiwudi, chini bapa, imekatwa na mashine, unapachika tu. Ya pili ilikuwa boti ya uvuvi yenye tumbo la mviringo, unasimamisha mbavu kwanza, halafu unakunja vibao vyembamba juu yake kimoja kimoja. Muuzaji wa Dar niliyekuwa nawasiliana naye aliniuliza kama nimewahi kujenga. Nikamjibu hapana.

"Basi chukua hiyo bapa," akaandika. "Hiyo nyingine wengi wanaishia njiani."

Ningemsikiliza. Lakini nilivuka kwenda Kamanga kumuuliza Baba, kwa sababu nilitaka mara moja tu katika maisha yangu mimi na yeye tuongelee boti.

Alivaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili ili itulie.

"Hii bapa ni sanduku," alisema. "Hii nyingine ndiyo boti."

"Ndiyo ngumu, Baba. Utanifundisha kukunja mbao?"

"Ilete hapa."

Mimi nilielewa kwamba amekubali. Kwenye kivuko nikirudi, mama niliyekaa naye aliniuliza kama natoka harusini.

Boksi lilipofika sikulifungua. Nililipeleka Kamanga jinsi lilivyo, na Jumapili ile baada ya kanisa tukalifungua pamoja, Baba, mdogo wangu na mimi. Baba alinusa vibao, akavipinda kidogo, akaguna. Tulisimamisha mbavu. Kisha akaniambia nichemshe maji, nikaloweka kibao cha kwanza, nikakikunja taratibu huku yeye akinielekeza, "Usilazimishe, kiache kije chenyewe." Nilikigandisha mahali pake kwa vidole vyangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nusura nilie kwa sababu ya kibao.

Halafu mwenzangu dukani akaugua, nikalazimika kushika zamu zake hata siku za Jumapili, kwa wiki kadhaa. Nilimpigia Baba.

"Mnisubiri," nikamwambia.

"Haina shida," akajibu.

Nilipopata nafasi ya kuvuka tena, niliwakuta ufukweni. Baba alikuwa kwenye kiti, majirani wamesimama nyuma yake, mdogo wangu ana rimoti mkononi. Boti ilikuwa inazunguka majini, imepakwa vanishi, nzuri kuliko ile ya kwenye picha. Watu walikuwa wanampongeza Baba.

Nilimwamkia. Akaitikia bila kuniangalia. Mdogo wangu ndiye aliyeanza kujieleza.

"Dada, kile kibao chako ilibidi tukitoe. Kilikuwa kimekaa vibaya."

"Baba, nilisema mnisubiri."

"Ningekusubiri mpaka lini?" alisema. "Mikono yangu inakwisha. Nilitaka kujenga ya mwisho na mwanangu."

"Na mimi ni nani?"

Aliendelea kuangalia maji. Jirani mmoja akakohoa, akajifanya anarekebisha kandambili yake.

"Wewe umesoma," Baba akasema.

Mdogo wangu alininyooshea rimoti, nijaribu. Nadhani alikuwa anaona aibu. Sikuipokea. Nilimwachia Baba mkate na matunda niliyomletea, nikarudi gatini na kukaa kwenye benchi mpaka kivuko kilipokuja.

Boti iko sebuleni kwa mdogo wangu, juu ya kabati la vyombo. Wageni wakiuliza, wifi yangu anawaambia mzee aliijenga na mwanawe, na anasema kwa fahari, hana nia mbaya. Niliwahi kuwapo akisema hivyo. Niliendelea kunywa chai.

Baba bado yupo. Mimi ndiye ninayempelekea dawa za mtetemo, ninayekaa naye mpaka azimeze, ninayempigia kumuuliza amelalaje. Ananishukuru, tena ananiita mama, ananiombea. Tunaongea kuhusu bei ya dagaa, wajukuu na magoti yake. Sijawahi kumuuliza tena lile swali la ufukweni, na yeye hajawahi kulijibu. Mwanzoni nilidhani alikosa maneno. Siku hizi nadhani alinijibu siku ileile, nami ndiye niliyetaka jibu jingine.