Jino la Mwalimu Zulma

Mwalimu Zulma Bentancor aliisoma barua ya mkaguzi mara tatu, na mara zote tatu alikwama palepale, mwishoni.

"Jumatano saa nne asubuhi," barua ilisema, "nitawaangalia wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu wakiandika kwa kompyuta, kwa hiari yao na kwa furaha."

"Kwa furaha!" Zulma aliiambia chupa ya maji moto, maana hapakuwa na mtu mwingine jikoni. "Eti kwa furaha!" Akaufyonza mrija wa yerba yake, chai chungu ya majani inayonywewa kibuyuni, mpaka kibuyu kikakoroma.

Kuandika tu, angewalazimisha. Angesimama mlangoni na kusema hakuna kutoka mpaka mistari mitano ijae. Lakini furaha utamlazimishaje mtu?

Shule ya Paso Zorzal ilikuwa na chumba kimoja cha darasa, jiko, chumba cha mwalimu kulala, na watoto kumi na mmoja waliokuja kwa farasi, wengine wawili wawili mgongoni, majoho yao meupe yakipepea na tai zao za utepe wa buluu zikiwa zimegeukia kisogoni. Zulma alikuwa hapo mwaka wa sita. Alimjua farasi anayeng'ata na mtoto anayesinzia kwa sababu ameamka kukamua. Lakini shule haikuwa yake. Kila Februari walimu wa mkoa mzima hukusanyika mjini na kuitwa mmoja mmoja kwa kufuata alama zao. Mwenye alama nyingi huchagua shule kwanza, na wa mwisho hupewa makombo. Mwaka huu alama zingetoka kwenye ziara hiyo moja ya Jumatano. Zulma alitaka kubaki Paso Zorzal kwa udi na uvumba.

Na wala vifaa havikukosekana! Kila mtoto alikuwa na kompyuta yake ndogo ya kijani, yenye mkono wa kubebea kama kikapu. Walizipenda. Walilala nazo. Walizipenda kwa kila jambo duniani, isipokuwa kuandika.

Mwezi Machi alikuwa amewaletea programu inayosoma kwa sauti chochote unachoandika. Aliwaza watapenda kuyasikia maneno yao wenyewe. Watoto waligundua kwamba ukibonyeza J mara arobaini mashine inakohoa kama mzee. Darasa zima likakohoa wiki mbili.

Mwezi Juni alisema, "Pigeni picha, kisha andikeni chini yake." Walirudi na picha mia mbili na kumi na nne, nyingi za pua za kondoo. Chini ya picha hakukuwa na hata herufi moja.

"Picha inajieleza, Mwalimu," alisema Nahuel, wa darasa la pili, ambaye alikuwa mvivu kwa namna ya kistaarabu.

Mwezi Agosti alianzisha hadithi ya pamoja, kila mmoja aongeze sentensi yake kwenye skrini. Nahuel alianza: *Siku moja palikuwa na ng'ombe. Mwisho.*

"Nahuel! Wenzako kumi wataongeza nini sasa?"

"Hakuna cha kuongeza, Mwalimu. Imeisha."

Sasa ilikuwa Novemba, Jumatatu, na mkaguzi anakuja keshokutwa. Zulma akaokota wazo lake la mwisho kabisa: matangazo ya redio.

Pale Paso Zorzal redio ya mjini husoma matangazo mara mbili, saa moja asubuhi na saa sita mchana, na yanaposomwa hata kijiko hakigongi sahani. *Doña Elvira wa Cerro Bayo, Nelson anafika Alhamisi kwa basi, apelekewe farasi getini. Familia ya Olivera, mtoto amezaliwa, wa kike, wote wazima.* Zulma mwenyewe, kijito kikifurika, hutuma lake kutoka kompyuta ya darasa: *Shule ya Paso Zorzal inawaarifu wazazi kwamba kesho hakuna masomo.* Na kesho yake kweli hutamwona mtu.

"Tangazo lina vitu vinne," aliwaambia. "Anaambiwa nani, jambo gani, lini, na anayesema ni nani. Hakuna neno la kupoteza. Haya, andikeni."

Nahuel akaandika: *Kwa ng'ombe wote. Mwisho.* Darasa likaangua kicheko, na waliokuwa wameanza wakaacha ili wacheke vizuri.

Mmoja tu hakucheka. Eliana Techera, miaka minane, darasa la tatu, aliinua mkono.

"Mwalimu, yule mtu wa redio, akiletewa tangazo zuri, analisoma kweli?"

"Kwa nini asisome?"

"Na watu wakilisikia wanaamini?"

"Wanaiamini redio kuliko wanavyoliamini jua, binti. Sasa andika, acha maswali."

Eliana hakuandika. Alikaa akitafuna ncha ya tai yake, akiwaza.

Jumanne, watoto wakiwa wanavaa mabegi, alikuja mezani.

"Mwalimu, kesho naomba kukosa. Lucera anazaa."

Lucera alikuwa farasi wao jike. Zulma aliishika meza kwa mikono yote miwili.

"Kesho? Kesho anakuja mkaguzi! Hata azae nani, kesho huendi popote."

"Nikikosa inaandikwa?"

"Kwa wino mwekundu."

"Na wote wakikosa?"

"Wote wakikosa basi hakuna shule, Eliana! Na kama hakuna shule, nani amekosa? Hebu nipishe." Akatoka kwenda jikoni kumuuliza mpishi, Doña Petrona, kama kuna unga wa kutosha kumkaangia mkaguzi maandazi, yale ambayo kwa kawaida hukaangwa mvua ikinyesha tu.

Aliporudi, Eliana alikuwa anaifunga taratibu kompyuta ya darasa, uso wake kama wa mtu aliyemeza yai zima.

"Kumbe bado upo? Umeandika?"

"Nimeandika, Mwalimu."

"Hata sentensi moja?"

"Nyingi."

Zulma alichoka mno hata kutazama. "Vizuri. Kesho utamsomea mgeni."

Jumatano aliamka na mapema yake. Tundu la umeme lilikuwa moja, na ekstensheni moja. Ili kompyuta zote kumi na moja, alizowaamuru watoto waziache shuleni jana, zijae chaji kabla ya saa nne, ilibidi achomoe kitu, akachomoa redio. Akapiga deki. Akafuta ubao mara mbili. Akapanga zile kompyuta za kijani mezani, moja baada ya nyingine, akavaa joho lake safi.

Saa tatu na nusu, njia tupu. Saa nne kasorobo, njia bado tupu, na jua linawaka kwenye majani kama sikukuu. Hata farasi mmoja! Alitoka mpaka getini akarudi. Akatoka tena.

Hatimaye alitokea Doña Petrona juu ya farasi wake mnene, kwapani chupa ya pombe ya miwa yenye majani ndani.

"Pole mwanangu, pole. Hebu fungua mdomo."

"Nifungue mdomo kwa nini? Watoto wako wapi?"

"Wako makwao. Upande gani, wa juu au wa chini? Sukutua na hii, usimeze. Ukimeza pia si vibaya."

"Petrona! Siumwi kitu!"

"Redio imesema jino linakuuma."

"Redio?"

"Saa moja. Nilikuwa nakamua, nikasema masikini, na leo ndiyo siku ya mkaguzi wake! Lakini jino ni jino."

Zulma aliingia darasani akikimbia, akafungua kompyuta ya darasa, akatafuta barua zilizotumwa. Ilikuwepo, ya Jumanne, saa tisa na dakika sita:

*Shule ya Paso Zorzal inawaarifu wazazi wote kwamba kesho Jumatano hakuna masomo. Mwalimu Zulma anaumwa sana na jino na uso umevimba. Tafadhali watoto wasije, wasaidie kazi za nyumbani, hasa za farasi. Masomo yataendelea Alhamisi. Shule ya Paso Zorzal.*

Alisoma amesimama. Akasoma tena amekaa. Anaambiwa nani, lipo. Jambo gani, lipo. Lini, lipo. Nukta zote mahali pake. Na ule uso uliovimba, ameutoa wapi mtoto huyu? Hakuna aliyemfundisha kwamba jino peke yake halitoshi, kwamba watu huamini zaidi wakiona uvimbe. Mwaka mzima Zulma alikuwa ameomba maandishi kama hayo, yenye kazi ya kufanya. Alitaka kulia, alitaka kumfinya mtu, na katikati ya hayo yote kulikuwa na kitu kidogo kinachofanana na majivuno, ambacho kilimuudhi kuliko vyote.

"Anakuja mtu," alisema Petrona dirishani. "Gari jeupe."

Mkaguzi Iriarte alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani yenye kamba shingoni. Alisimama mlangoni akayatazama madawati matupu na zile kompyuta zilizojaa chaji.

"Niliwasha redio njiani, Mwalimu Bentancor. Nikasema nipite tu nikupe pole. Naona uvimbe umepungua."

"Hakukuwa na uvimbe, Bi Mkaguzi. Ni mwanafunzi. Ameandika mwenyewe. Tazama, tafadhali, tazama hapa."

Mkaguzi akainama kwenye skrini. Alisoma polepole, mdomo wake ukasogea kidogo upande mmoja, ukarudi.

"Ana miaka mingapi?"

"Minane. Hakuambiwa na mtu. Kwa hiari yake!"

"Na kwa furaha, bila shaka." Alivua miwani. "Ameniondolea darasa zima kwa mistari mitano. Mimi huandika kurasa kumi na hakuna anayesogea."

"Basi si hiki ulichokuja kukitazama?"

"Nilikuja kutazama wanafunzi. Fomu ina nafasi ya idadi ya watoto waliokuwepo. Nitaandika ngapi, sifuri? Sifuri haina alama."

"Rudi kesho. Rudi Ijumaa! Nitawafuata nyumba kwa nyumba."

"Kesho nina shule tatu upande wa mpakani. Ziara nyingine ni Machi."

"Machi!" Zulma alisema. "Kuchagua shule ni Februari."

"Najua," alisema mkaguzi, na alionekana kujua kweli. Akasaini fomu, akakubali andazi moja la Petrona, akalila akiwa amesimama, akaondoka.

"Basi ile chupa ya pombe," Zulma alimwambia Petrona. "Lete hapa."

Alhamisi hakuna aliyechelewa. Walifika wote kumi na mmoja kabla ya kengele, na Eliana aliletwa na baba yake, Don Wáshington, aliyekuwa ameishika kofia yake kama sahani.

"Sema uliloambiwa useme," alimsukuma.

"Nisamehe, Mwalimu. Sitarudia." Akavuta pumzi. "Ni dume. Ana doa jeupe hapa kwenye paji. Alisimama baada ya nusu saa!"

"Eliana!" alifoka baba.

"Nimeshasema nisamehe kwanza, Baba."

Zulma alikuwa amelala akitunga adhabu, lakini ilipofika mdomoni ikawa ndogo. "Utakaa pale. Utaandika tangazo la kusahihisha. Kwamba mwalimu wako haumwi jino, na kwamba ulidanganya."

"Jina langu litasomwa redioni?"

"Ndiyo, uaibike!"

Lo! Ndipo darasa lilipovurugika. Jina redioni! Wakazivamia zile kompyuta.

"Mwalimu, mimi niandike mbwa wetu amepotea!"

"Hajapotea, anazurura!"

"Bibi yangu ana jogoo wa kubadilishana, nianze na bibi au na jogoo?"

"Mwalimu, mtu akisikia jina lake akiwa mjini, atajua ni mimi?"

Kisha, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chumba kile, wakanyamaza. Vikasikika vidole tu vikigonga kibodi, kama mvua inayoanza kwenye bati. Mmoja alifuta neno akaliandika upya bila kuambiwa. Wawili walibishana kwa kunong'ona kama "haraka" linatosha au liwe "haraka sana". Zulma alisimama nyuma yao na kibuyu cha yerba mkononi. Hiki ndicho, hasa hiki, kilichotakiwa jana saa nne. Alitazama mlango, kana kwamba gari jeupe lingeweza kurudi kwa kutazamwa tu. Hapakuwa na mtu wa kuona. Yerba ilikuwa imepoa.

Saa tano na nusu alikusanya yote ili atume. Aliyapitia moja moja: mbwa, jogoo, jino, mwana wa Lucera. La mwisho lilikuwa la Nahuel.

*Kwa Mkaguzi Iriarte. Rudi wiki hii, sasa tunaandika. Tusipoonekana Mwalimu ataondoka na hatutaki. Shule ya Paso Zorzal. Mwisho.*

"Nani amekwambia habari za kuondoka?"

"Doña Petrona."

"Nahuel, fomu imeshasainiwa. Na tangazo halimalizwi kwa 'Mwisho'."

"Langu linamalizwa."

Zulma alilifuta lile neno. Akalitazama tangazo bila neno hilo. Akalirudisha, akatuma.

Saa sita kasoro dakika tano walikumbuka kwamba redio haina tundu. Watoto wenyewe walizichomoa kompyuta zao, bila kugombana, wakaichomeka redio, wakakaa sakafuni. Msomaji alisoma jogoo, akasoma mbwa, akasoma jino huku akijizuia kucheka. Kisha akasoma la mkaguzi, taratibu, mpaka lile neno la mwisho.

Nahuel alitabasamu kama mtu aliyelipwa. Zulma alihesabu kwa vidole: sentensi mbili, ukiacha salamu na saini, kutoka kwa mtoto ambaye tangu Machi hakuwahi kupita moja. Kama redio ya mjini inashika huko mpakani, kwenye zile shule tatu za mkaguzi, hakujua. Lakini Februari ilikuwa imebakiza wiki kumi na mbili, na hilo halikuhitaji redio kulitangaza.

"Mwalimu," Eliana aliinua mkono, "na kesho tunatuma mengine?"