Okidi juu ya mzinga uliopasuka

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, kando ya barabara iendayo Kakonko, miti mingi ilikatwa ili tupate nguzo. Juu ya mti mmoja ulioanguka nilikuta mmea nisioujua. Mashina yake yalikuwa manene kama miwa michanga, na kuyazunguka kulikuwa na mizizi myembamba, mikali kama sindano, iliyoelekea juu. Mizizi inayokwenda juu! Nilikuwa mwalimu mpya, nimezoea kusahihisha kila kitu, na jambo lile lilininyima raha. Niliugawa mmea vipande vitatu, nikaenda navyo nyumbani.

Jina lake, okidi, nililijua miaka mingi baadaye. Wakati ule nilijua kulima tu, kama watu wote wa Kibondo, kwa hiyo niliutunza kama mgomba: udongo, samadi ya ng'ombe, maji asubuhi na jioni. Ile mizizi ya sindano niliikata kwa wembe ili mmea ukae vizuri kwenye debe. Naona aibu kuandika hivyo. Kipande cha kwanza kilioza. Cha pili nikakizidishia samadi, nacho kikaoza. Kilichobaki kilinitia hofu hata darasani, maana mti wake ulikwisha kuwa nguzo za nyumba ya mtu. Kikifa hiki, basi.

Jirani yangu, mzee mrina asali, alikuja kuchungulia debe.

"Mwalimu, huu nauona juu ya miti tangu utoto wangu. Sijakuta mtu kule juu na jembe."

"Sasa mmea huu unakula nini, mzee?"

"Nikuulize wewe uliyesoma!"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniletea mzinga wa gome uliopasuka. Tulikifunga kipande juu yake kwa kamba, tukautundika kwenye mti nyuma ya nyumba. "Nakuazima tu," alisema.

Sindano zikaota tena, zikafanya kitu kama kiota, na majani makavu ya mti yakadondokea humo. Kwetu, nyumba isiyofagiwa asubuhi huaibisha wote waliomo. Basi kila nilipomaliza kufagia chini nilipanda kigoda, nikayatoa yale majani moja moja. Mmea ukaacha kukua. Siku moja mzee alinikuta huko juu.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unamnyang'anya mwenzio sahani, halafu unashangaa amekonda!"

Kumbe mizizi ilielekea juu ili iyadake majani, yaoze, yawe chakula. Nilishuka. Mzee alipokwisha kuingia kwake nikapanda tena, nikatoa jani moja. Kisha nikalirudisha.

Kiangazi mmea wenyewe ulipukutisha majani, na mikono iliniwasha kushika kopo la maji. Nilijikataza. Kabla ya mvua za kwanza, maua yakachanua: ya njano, yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Moja lilikuwa limetobolewa na mdudu. Nilikwenda kuchukua wembe, nikafika mlangoni, nikarudi mikono mitupu.

Mzee alikuja kuyatazama.

"Mazuri," alisema. "Na mzinga wangu?"

Mizizi ilikuwa imeukumbatia pande zote. Kuutoa kungekuwa kuikata tena.

"Nitakusaidia kubandua gome la mzinga mwingine," nilisema. "Huo umeshapata mwenyewe."