Fundi Kakataa Kunifungia Matairi Mapya

Jamani, leo fundi wa matairi hapa Dongobesh kakataa kazi yangu, na hela ninayo mkononi!

Nimemwamkia shikamoo vizuri, nikashusha matairi manne niliyouziwa na shemeji yangu. Mzee akasoma maandishi ya ubavuni.

"Mwalimu, haya sifungi. Herufi ya spidi ni Q, ya mwendo mdogo. Gari lako linataka S, ya mwendo mkubwa zaidi."

Mimi mwalimu wa Kiswahili, nafundishwa herufi!

Nikajua tu, huyu anataka ninunue ya kwake.

"Mzee, kwa barabara hizi nani anakimbia?"

"Siku yakipata moto ukiwa mwendoni, utanikumbuka."

"Basi niuzie ya kwako."

"Mimi siuzi matairi."

Hapo ndipo nikaingiwa na wasiwasi kabisa. Fundi asiyetaka hela yangu anataka nini?

Akauliza nimeyatoa wapi. Nikamtaja shemeji.

Mzee akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Huyo alikuja nayo juzi nimfungie kwenye gari lake. Nikamkatalia."

Nipo bado kwenye benchi la fundi. Shemeji katuma meseji sasa hivi:

"Shem, yakishafungwa hayarudishwi, eeh?"

Nimjibuje huyu mtu?