Chanjo ya Puani

Mama yangu aliwahi kuchanjwa kichomi. Nasema kuchanjwa kwa maana ya zamani: alikuwa mtoto, kifua kinambana, mzee mmoja wa huku Meru akamchanja mbavuni kwa wembe na kumpaka dawa nyeusi. Alama zipo mpaka leo. Kwa hiyo alipolazwa kwa nimonia mwaka jana, na daktari akamwambia kwamba kabla ya baridi nyingine apate chanjo ya nimonia na ya mafua makali, mama alimjibu kwa adabu kuwa alishachanjwa, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mimi nina duka la dawa kule mjini, Elerai, na subira sina. Nilimweleza kwamba siku hizi chanjo ni sindano tu ya begani, wembe hakuna. Nikamweleza tena. Mara ya tatu nilipandisha sauti mbele ya wajukuu zake, naye akanipa kisogo hadi nilipoondoka. Juni ilikuwa inakaribia na ukungu ulishaanza kushuka kwenye migomba yake. Niliogopa. Sikuamini kwamba mapafu yale yangestahimili nimonia ya pili.

Kisha mjukuu mmoja akamsomea kwenye simu kwamba nchi za nje iko chanjo ya mafua inayopulizwa puani. Mama alifurahi kweli. Pua anaielewa, ananusa ugoro tangu sijazaliwa.

"Hiyo nitaipokea," akaniambia. "Niletee."

Nilimwambia hapa kwetu sijaiona, na hata huko hawapewi watu wa umri wake. Sijui alisikia lipi katika hayo.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea kichupa cha maji ya chumvi cha kupuliza, maana ugoro ulikuwa umemkausha pua hadi inatoa damu. Nilimpulizia mwenyewe, tundu moja, kisha la pili. Alifumba macho, akameza mate, akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa nimechanjwa."

Nilipaswa kumsahihisha palepale. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka kubishana, na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo. Kabla wiki haijaisha, akina mama wawili wa usharika wake walinifuata dukani, nao wanataka chanjo ya puani. Nikawaambia imekwisha. Walipotoka nilijiona mjinga hasa, muuza dawa mzima nadanganya watu kwa maji ya chumvi.

Jumapili baada ya ibada nilipanda kwake. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, vuta kigoda."

Nilikaa, nikamwambia moja kwa moja kwamba yale yalikuwa maji na chumvi, yanalainisha pua tu, hayakingi ugonjwa wowote. Nikamwambia pia kwamba nilijua alidhani ni chanjo, nami nikamwacha adhani hivyo.

Alimaliza ndizi aliyokuwa ameishika, akaiweka kwenye sufuria ya maji pamoja na nyingine. Kisha akaweka kisu chini.

"Jirani yangu wa kule bondeni anakohoa wiki ya pili sasa," alisema. "Watoto wake wanaogopa kumsogelea. Mimi nakwenda kila asubuhi, namwinua, namlisha uji. Wameniambia, mama, wewe mwenyewe kifua chako si kizuri. Nikawaambia mimi nimechanjwa. Wakaniuliza, nani kakuchanja? Nikasema, mwanangu."

Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kulia kama mtoto. Nimeuza dawa za kikohozi miaka yote hii na sikuwahi kufikiri kwamba mtu akiamini amekingwa atakwenda kukaa na wanaokohoa. Mama hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize.

"Hiyo sindano wanachomea wapi?"

"Hospitali, mjini. Nitakuja kukuchukua kesho asubuhi. Nitakaa na wewe mpaka mwisho."

"Njoo unichukue," alisema, akaokota kisu. "Lakini kwa daktari nitaingia peke yangu, anieleze mwenyewe. Wewe utanisubiri nje."