Mama wa Mizani

Mama wa mizani kwenye banda la kupokelea majani ya chai, Lufingo, hatamki kilo mpaka mshale utulie. Hupuliza kioo, huchomoa jani gumu kwa vidole vilivyokolea weusi wa utomvu, kisha husubiri. Asubuhi hii wakulima wanabishana juu ya Waingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Zebedayo ana hofu chai itakosa mnunuzi.

"Mke akiondoka, ng'ombe wa mahari hurudishwa," anadakia Atupokile. "Hao wamerudisha?"

Banda zima linacheka. Mama, ambaye alimwacha mume huko Kyimo, na ng'ombe wa mahari yake kaka yake alishawatumia kuolea, anapiga funda la chai kikombeni mwake, taratibu, macho kwenye mshale.

"Kumi na nne," anasema. "Na aliyeondoka naye anakunywa chai, ndugu yangu."