Ubeti Niliopewa

Kwaya ile ya Waajemi ilikuwa na viongozi wawili, na hawakupatana juu ya karatasi. Kiongozi wa vyombo, mzee mwenye mvi zilizochanwa kuelekea nyuma, alifika kila Jumapili na bahasha ya noti za muziki akatugawia. Mwalimu wa sauti, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alipita nyuma yake akizikusanya.

"Wimbo hauingii kwa macho," alisema.

Mzee alikuwa ameketi mbele ya kinanda chake cha Kiajemi, kile chenye nyuzi nyingi kinacholazwa mezani na kupigwa kwa vijiti viwili vyepesi. Aligonga waya mmoja, akasema kwa Kiingereza ili na mimi nielewe, "Mimi nakesha nachapisha karatasi, huyu mama anaenda kufungia vitunguu." Watu walicheka. Mimi nilicheka baadaye kidogo, kama kawaida yangu.

Nilikuwa upande wa mwalimu. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwetu Kondoa, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Hata haya yamenichukua majira yote ya baridi. Shuleni ubao ulikuwa ukifutwa mimi bado niko mstari wa pili, kisha naulizwa kwa nini sina kazi ya kusahihishwa. Kwa mama huyu hakukuwa na ubao. Alikuketisha mbele yake, goti kwa goti, akaimba kipande kifupi nawe ukamrudishia. Ukikosea hakusema umekosea. Aliimba tena. Walisema ndivyo wao walivyofundishwa, kifua kwa kifua, na mimi nilikumbuka madrasa yetu, maana huko nako tulishika kwa masikio kabla ya kujua herufi. Hata jina walilomwitia mwalimu lilikaribiana na ustadhi. Ndani ya nyimbo zao nilikutana na rangi, nikakutana na bustani, maneno yetu kabisa, yamekaa kule kama watu wa ukoo niliokuwa sijaambiwa.

Nilifikaje huko? Nilikuwa, na bado niko, kwenye tanuri moja la mikate ya Kiajemi, Beltsville, huku Marekani. Mikate yenyewe ni mirefu na bapa, mtu anaondoka nayo mkononi kama gazeti. Redio ya pale inapiga nyimbo zao kutwa. Siku moja mwalimu alikuja kununua mkate akanikuta naimba huku natia mikate kwenye mifuko. Nikanyamaza.

"Endelea," alisema.

Sikuendelea. Niliitazama mikate mpaka akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata, akarudi tena, na mwishowe akaniambia, "Kwaya yetu haina mlango, binti yangu. Njoo Jumapili."

Walikuwa wamekodi chumba cha chini cha kanisa dogo Takoma Park. Mama mdogo, ninayekaa kwake Lanham, alishangaa.

"Wewe? Wewe hata kwenye harusi ya kaka yako vigelegele vilikushinda. Leo unakwenda kuwaimbia Waajemi?"

Lakini ndiyo maana niliweza. Kwa watu wetu wote wananijua kuwa mimi ni yule wa kukaa jikoni na kusema ndiyo. Kule hakuna aliyenijua. Nilitaka, mara moja tu katika maisha yangu, nisimame mbele za watu nisikike peke yangu, na mama mdogo awepo aone. Hicho ndicho nilichokitaka. Sikuwa na kingine.

Katika wimbo wao wa mwisho kulikuwa na ubeti mmoja unaoimbwa na mtu mmoja huku wengine wamenyamaza. Kila mwaka aliuimba mama mmoja mrefu, daktari wa meno aliyestaafu, mwenye kukaa kiti cha mbele. Wiki chache kabla ya tamasha la mwaka mpya wao, ambao huanza na majira ya kuchipua, mwalimu alinikalisha mbele yake watu wote wakiwapo, akaniimbia ubeti ule. Nikamrudishia. Akauimba tena kwa kuupindapinda, nikamrudishia na mapindo yake.

Mwalimu aliweka mkono kifuani. "Ubeti huu ni wako sasa," alisema. "Sisi wengine tukusikilize tu."

Yule mama mrefu naye akaitikia. "Kweli. Ni wako. Sauti yangu mimi imezeeka."

Nikasema, "Ahsante. Nitauimba."

Mzee aliangalia vijiti vyake. Mama mrefu alitabasamu kwa midomo, akaanza kutia vitu kwenye mkoba, chupa ya maji, shali, kalamu. Mimi nilidhani wameguswa.

Kuanzia siku ile mwalimu alinifundisha zaidi. Nisiseme uongo, alinifundisha vizuri. Alinionyesha mahali pa kuvuta pumzi, na jinsi ya kuiachia sauti ivunjike kidogo juu bila kukatika. Alinishika mbavu akasema, "Hapa, imba kutoka hapa." Alinichagulia shali ya kijani ya kuvaa. Mama mrefu hakuja mazoezini, wakaniambia ana mafua. Nyumbani niliimba bafuni na maji nimefungulia, mpaka binamu yangu mdogo akagonga mlango na kuniambia kwa Kiingereza kwamba watu wengine nao wana mikojo.

Siku ya tamasha mama mdogo alibadilishana shifti na mwenzake kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Alikuja na jirani yetu Mkenya, wakakaa safu ya pili, mama mdogo kwenye kitenge chake cha sikukuu, amefunga kilemba kikubwa mpaka nikawahurumia waliokaa nyuma yake. Ukumbi ulikuwa wa shule. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na korido ndefu, na hapo ndipo mwalimu alinisimamisha anirekebishe shali.

"Binti yangu," alisema, bado anatengeneza mikunjo. "Mzee ameamua ule ubeti mwaka huu upigwe na kinanda peke yake. Unajua alivyo mbishi."

"Sawa," nilisema.

"Hujakasirika?"

"Hapana, mwalimu."

Akanibusu paji la uso.

Tuliimba. Tulipofika pale, mzee aligonga nyuzi chache tu, kisha akainua vijiti. Mama mrefu alitoka kwenye mstari wake, akapiga hatua moja mbele, akauimba ubeti. Aliuimba vizuri. Sauti ilivunjika kidogo juu, palepale nilipokuwa nimefundishwa kuivunja, na watu wakatoa vitambaa. Mimi nilisimama nimefumba mdomo pamoja na wengine wote. Nilihesabu mapigo kwa kidole gumba, kwa kuwa baada yake kwaya ilikuwa inaingia, na sikutaka kuchelewa. Niliingia kwa wakati.

Mama mdogo alinisubiri mlangoni. "Mbona sijakuona ukitoka mbele?"

Jirani akasema, "Ama walikuzimia maikrofoni?" Alidhani anatania.

Nilirudi ndani kuchukua koti. Kulikuwa na meza ya chai, na hapo kijana mmoja wa sauti za chini, mzaliwa wa hukuhuku Marekani, alikuwa anakula keki. Aliniona uso wangu akanivuta pembeni.

"Hakuna aliyekwambia?" aliuliza. "Ulisema ndiyo! Dada, kwetu hakuna anayesema ndiyo. Ukipewa kitu unakataa. Ukipewa tena unakataa. Ya tatu ndiyo unajua kama mtu anatoa kweli. Mwalimu alikupa heshima, na wewe ulitakiwa uirudishe kwa yule mama: hapana, nitaimbaje na yeye yupo? Hapo angekataa na yeye, mkavutana weee, kisha angeimba yeye, na watu wote wangekupenda."

"Sasa si wangeniambia?"

Alicheka akiwa na keki mdomoni. "Kukwambia ni kukuvunjia heshima."

Garini nilimweleza mama mdogo. Nilitaka awatukane. Aliendesha mpaka tukaingia barabara kubwa ya mzunguko, ndipo akasema, "Na sisi je? Tukiwa tunakula si tunamwambia kila apitaye karibu? Akivuta kiti kweli tunatazamana."

"Lakini akishakaa tunampakulia," nilisema.

Jirani akawasha redio.

Sikurudi Takoma Park. Jumapili nilijiandikisha zamu tanurini. Mwalimu hakupiga simu. Ilipita miezi, joto likaja likaondoka, ndipo siku moja nikamwona kwenye foleni, miwani kifuani, anangoja zamu yake kama mteja yeyote. Nilikuwa nimekwishajifunza sasa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi majibu yangu huku nafunga mikate, kama nilivyofanyia mazoezi ule ubeti.

"Tumeanza tena," alisema. "Rudi. Nafasi yako ipo."

"Hapana, mwalimu. Wapo wanaoimba kuliko mimi."

"Usiseme hivyo. Rudi, binti yangu."

"Mimi sistahili, mwalimu."

Nilisema kwa upole, nimeinamisha macho. Nilisubiri ya tatu. Jibu lake nilikuwa nalo tayari, fupi, na safari hii lilikuwa ndiyo. Nyuma yake mtu alikohoa. Mwalimu alivaa miwani akanitazama kwa muda, halafu akaivua.

"Basi," alisema. "Sitakulazimisha. Nyinyi mkisema hapana, ni hapana. Mimi naheshimu hilo."

Nilimchagulia mkate wa moto, wenye ufuta mwingi. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema kwa Kiajemi, mkono wako usiume, maana hivyo ndivyo wanavyoshukuru. Nikamjibu kwa Kiajemi, kwa matamshi aliyonifundisha mwenyewe goti kwa goti, na kichwa chako kisiume.

Mteja aliyefuata alishangaa. Aliniuliza Kiajemi nimejifunzia wapi.

Nikamwambia, kwenye redio.