Neno Ambalo Kornelis Hakulifikisha

Kornelis Kopong alikuwa katekista wetu kwa miaka arobaini na mmoja. Kama unatafuta mtu wa huku mlimani, kisiwani Adonara, ambaye hakufundishwa naye kupiga ishara ya msalaba, utatafuta mpaka uchoke. Padre alipanda kwetu mara moja kwa mwezi, na mvua ikikaza hapandi kabisa. Siku zote nyingine Kanisa lilikuwa ni Kornelis. Yeye ndiye aliyeongoza sala za Jumapili, yeye ndiye aliyezika, yeye ndiye aliyewahoji wachumba mpaka wakatokwa na jasho.

Na alikuwa na majibu. Jamani, yule mtu alikuwa na majibu! Ukimuuliza kama ni dhambi kula nguruwe wa msiba siku ya Ijumaa ya Kwaresima, na mfiwa ni mjomba wako atakayekasirika usipokula, anakujibu hapo hapo huku bado anatafuna mahindi yake. Tulimpenda kwa hilo, tusidanganyane. Mtu mwenye shida hataki kuambiwa "tutaona". Anataka kuambiwa ndiyo au hapana, arudi shambani kwake. Kornelis alilijua hilo vizuri, na alikuwa akiogopa kitu kimoja tu duniani, kusimama mbele ya watu akasema hajui.

Sasa, mwaka sabini na sita, wakati wa kuvuna mahindi, Yustina Kewa alifika mlangoni kwake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mumewe alikuwa amevuka bahari kwenda Sabah kutafuta kazi za mashambani, na hajarudi hadi leo. Kewa alikuwa amejifungulia kibandani huko shambani, peke yake, mimba ya miezi saba. Mtoto alikuwa wa kiume. Alivuta pumzi mara chache, kisha akaacha. Kewa akamfunga katika shuka alilolifuma mwenyewe, akashuka naye mwendo wa saa mbili huku damu inamtiririka miguuni, na alipofika akaomba jambo moja tu, Mwalimu ammwagie mtoto maji ya ubatizo.

Kornelis alimgusa mtoto, akamkuta wa baridi. Sakramenti ni za walio hai, hilo halina ubishi, na mpaka hapo hakukosea. Angeishia hapo. Angempa pole, angemwita mkewe amchemshie uji. Lakini Kewa aliuliza swali, na Kornelis akiulizwa lazima ajibu.

"Yuko wapi basi, Mwalimu?"

Akamwambia yuko pembezoni. Asiogope, si motoni, wala haumii. Ila hatamwona Mungu.

"Mpaka lini?"

"Milele, Kewa."

Mtoto alizikwa jioni ile ile nje ya uzio wa makaburi, upande wa mianzi, walikokuwa wakizikwa wasiobatizwa pamoja na watu wazima waliofariki wakikataa sakramenti. Kornelis alichimba mwenyewe, na akachimba kwa kina kizuri, maana hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi kuisimulia.

Wiki mbili baadaye akapanda Padre Huberto, Mzungu mzee mwenye pumu, ambaye hakukubali hata siku moja kubebewa mfuko wake. Kornelis akamweleza yaliyotokea, akitegemea kusifiwa. Padre aliweka kikombe chake chini. Akasema kwamba jambo lile Kanisa halijawahi kulitangaza kuwa ni fundisho la imani. Ni mawazo ya wataalamu, ya zamani kweli, lakini ni mawazo.

"Ungemwambia hatujui," Padre akasema. "Ungemwambia tunamwachia Mungu, na Mungu ana huruma kutushinda sisi. Nenda kamwambie. Nenda leo hii."

Kornelis hakwenda. Siku ile alijiambia Kewa bado hana nguvu, asichokonolewe kidonda. Kisha akajiambia atakwenda mavuno yakiisha, kisha Noeli ikipita. Ukweli alitusimulia mwenyewe baadaye, tulipokuwa hatutaki tena kuusikia, kwamba alikuwa anaona aibu. Akirudisha neno moja, watu wataanza kuuliza, na mengine je? Mwaka uliofuata Padre Huberto alihamishwa, akafia kwao. Aliyebaki analijua lile neno akawa Kornelis peke yake.

Kewa hakuliacha kanisa. Kila Jumapili alikuja mapema, akaimba kwa ile sauti yake nyembamba, akapiga magoti watu walipopiga magoti. Lakini wakati wa komunyo hakuinuka. Mwaka mmoja, miaka mitano, miaka ishirini, hainuki. Hapo midomo ya watu ikapata kazi. Mara ana mwanamume wa watu huko bondeni, mara kala kiapo cha mizimu. Kornelis mwenyewe, wala simfichi, Pasaka moja alisema mbele ya wote kwamba kuna watu wanakuja karamuni kila wiki kuzikodolea macho sahani za wenzao. Tukageuka tukamtazama Kewa, tukacheka. Na mimi nilicheka. Yeye alikuwa anatafuta ukurasa katika kitabu chake cha nyimbo, akaendelea kuutafuta.

Kornelis alidhani ni hasira, kwamba Kewa amemkasirikia Mungu, au amemkasirikia yeye. Kwa kuwa hasira yenyewe haikusema kitu, akaiacha ikae. Walipishana kisimani, wakasalimiana, wakaulizana hali ya mahindi.

Mwaka wa 2007 tumbo la Kewa likaanza kuvimba. Hospitalini, ng'ambo ya mlango wa bahari, wakamwambia amechelewa, arudi nyumbani apumzike. Akawa anauguzwa na Bulu, binti wa dada yake. Padre wa zamu yetu wakati huo alikuwa Silvester, kijana wa kwetu kabisa. Alikwenda mara mbili na mafuta ya wagonjwa, na mara mbili Kewa akamkatalia kwa upole, akamwamuru Bulu ampe kahawa.

Padre Silvester akamfuata Kornelis. Akamwambia, "Mzee, wewe ndiye uliyemfundisha. Mimi ananiona mtoto. Nenda wewe."

Na katika mazungumzo hayo hayo, kama mtu anayetoa habari za mjini, akamwambia kwamba mwaka huo umetoka waraka Roma kuhusu watoto wanaokufa bila ubatizo. Wataalamu wa huko wamesema tuna sababu ya kutumaini kwamba Mungu anawaokoa. Kornelis aliuliza tena, taratibu, wamesema nini. Padre akarudia. Kornelis akajibu kwamba ni habari nzuri, akaingia ndani kubadilisha shati.

Alimkuta Bulu nje, anayapondaponda mahindi ya moto kati ya mawe mawili. Ndani, Kewa alikuwa amelala kwenye kitanda cha mianzi, mtu mzima amebaki macho na lile tumbo.

"Ala, leo kaja Mwalimu mwenyewe," akasema. "Basi kweli nakufa."

Kornelis akakaa. Akamuuliza kwa nini anakataa mafuta. Je, amemkasirikia Mungu?

"Sina ugomvi naye."

"Au ni mimi?"

"Wewe nawe unajipa cheo," Kewa akasema, akacheka kidogo mpaka akashika ubavu.

Kisha akamweleza. Alizungumza polepole, anapumzika, anaendelea, kwa utulivu wa mtu anayeelekeza njia. Alisema alilipanga jambo hili tangu mwezi ule ule wa msiba. Akiishi vizuri na kufa vizuri, atazikwa ndani ya uzio, ataingia mbinguni, na mbinguni mwanawe hayupo. Akizikataa sakramenti, watamzika kule kwenye mianzi. Na pengine Mungu, akiona mwili wake umelazwa pale, naye atamwacha pale pale pembezoni.

"Motoni sikutaka kwenda," akasema. "Kwa hiyo sikuiba, sikumsengenya mtu, sikulala na mtu. Nilikaa bila komunyo tu. Niliona hiyo itanitosha kunifikisha alipo, bila kunipitiliza."

Kornelis akamuuliza kama haikumuuma.

"Iliniuma kila Jumapili. Ukipita na kile kikombe cha hostia nilikuwa nafumba macho. Lakini mbinguni bila mwanangu ningefanya nini, Mwalimu? Ningeimba?"

Mwanamke aliyempenda Mungu kuliko sisi wote mle kanisani alikuwa amejinyima Mungu kwa miaka thelathini na mmoja, kwa ajili ya sentensi moja iliyosemwa mlangoni. Na huyo aliyeisema alikuwa ameambiwa aiondoe.

Lakini mkononi alikuwa na pa kutokea, naye akapatumia. Alimwambia kuna habari njema. Roma wameandika. Watoto kama yule tunaruhusiwa kutumaini kwamba wako kwa Mungu, wanamwona. Kewa alikaza macho. Akamwambia aseme tena. Kornelis akasema tena.

"Kwa hiyo yuko ndani?"

"Tunatumaini hivyo. Tuna sababu ya kutumaini."

"Na zamani?"

"Zamani ndivyo tulivyofundishwa."

Ni kweli ndivyo alivyofundishwa. Lakini alikuwa ametuambia sisi wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwamba kusema nusu ya ukweli ili ile nusu nyingine isionekane ni uongo uliovaa shati. Alijua anachofanya. Na kilikuwa kinafanya kazi! Uso wa Kewa ulikuwa umelegea, macho yanamlengalenga, mkono umeinuka kumwita Bulu akamlete Padre. Kornelis angeaga, angerudi nyumbani, na sisi tungemsifu kwamba ameiokoa roho ile.

Kewa akamshika mkono wa shati. "Maskini Mwalimu," akasema. "Kumbe na wewe walikudanganya."

Alikuwa anamhurumia. Hilo ndilo Kornelis hakuliweza.

"Hawakunidanganya," akasema. "Kewa, mimi nilijua. Padre Huberto aliniambia nikuambie kwamba hatujui, na kwamba tunamwachia Mungu. Alinituma kwako. Nikaona aibu, sikuja."

Nje, mawe ya Bulu yalikuwa yamenyamaza.

"Alikutuma lini?" Kewa akauliza.

"Wiki mbili baada ya kumzika."

"Wiki mbili." Akauachia mkono wa shati. "Kutoka kwako mpaka hapa ni mwendo gani?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi," Kewa akasema, akageukia ukutani. Kornelis alikaa pale mpaka Bulu alipoingia, akamwomba aondoke, mgonjwa amechoka.

Asubuhi yake Kewa mwenyewe alituma Padre aitwe. Kornelis, kama kawaida, ndiye aliyebeba mfuko wenye mafuta na hostia. Alitaka kubaki uani, lakini Padre Silvester hakuwa na habari ya lolote, na Kewa alipomaliza kuungama, Padre aliwaita Bulu na Kornelis waingie wasali wote. Wakaianza Baba Yetu. Walipofika penye "kama tunavyowasamehe", sauti ya Kewa ikakatika. Padre akadhani ni pumzi, akanyamaza kumsubiri. Haikuwa pumzi.

"Mwalimu, sogea hapa," Kewa akasema.

Kornelis akapiga magoti kando ya kitanda, mzee wa miaka sabini, goti moja halikunji sawasawa.

"Nisiposamehe sitamwona mwanangu. Na hilo ulinifundisha wewe. Au nalo ni mawazo ya watu tu?"

"Hilo ni kweli," Kornelis akasema. "Hilo ni la Bwana mwenyewe."

Bulu alikuwa analia, hajui amshike nani.

"Basi nimekusamehe," Kewa akasema. "Usidhani ni kwa ajili yako. Nakwenda kwa mwanangu, na wewe umekaa njiani."

Akageuka kwa Padre, akamwambia waendelee. Wakaimalizia sala. Padre alivunja kipande kidogo cha hostia, Bulu akampa Kewa kijiko cha maji ateremshie. Kewa alifunga mdomo, akafumba macho, machozi yakawa yanashukia masikioni, na kwa muda mrefu hakutaka mtu amguse wala amsemeshe.

Alikufa siku ya tatu. Alikuwa amemwomba Padre azikwe kule kule kwenye mianzi, kando ya mtoto, na Padre akakubali, akapabariki mahali pale. Bulu alikuwa amekwisha kutuambia aliyoyasikia, na kijiji kizima kilikwenda. Kornelis alifika na jembe lake begani na kitabu cha sala kwapani, maana kwa miaka arobaini na mmoja hakuna mtu wa kwetu aliyezikwa bila yeye kuchimba au kusoma. Bulu alimwendea, akamshika mkono kwa adabu zote, akampokea jembe, akampokea na kitabu.

"Leo Mwalimu kaa na watu," akamwambia.

Akaja akakaa nasi, na hakuna aliyemsemesha mpaka tulipomaliza.